Nyuzi

Saa sita na robo, ua la tisa,
sindano ikasita hewani.
Skrini nyeusi. Feni ikakohoa mara mbili, kisha kimya.
Mama akavua miwani:
"Imekufa tena?"
"Haijafa. Imezimia."

Mara ya tatu tangu asubuhi, na Ibra mwezi wa sita
haina simile: ukishika komeo la lango
unaliachia upesi kama sufuria iliyotoka mekoni.
Nikaiwasha, nikafungua ule ukurasa wa buluu,
nikamsomea: "Nyuzi tisini na nane."
"Nyuzi za rangi gani?" akauliza,
mkono umeshafika kwenye kikapu.

Nikacheka peke yangu. Lugha yetu hii
imevipa vyote viwili jina moja,
ikatuachia wenyewe tujue
kipi kinatuunguza na kipi kinatuvisha.

Wadhha, dada yangu, alishasema kutoka Maskati:
tupeni hilo kopo, nunueni jipya.
Hajui kuwa mashine ya kutarizi,
ya mwaka ule Baba alipostaafu,
haisikilizani na kompyuta nyingine yoyote.
Ina waya mnene wa pini ishirini na tano,
na za siku hizi hazina tundu la kuupokea.
Na maua yote ya Mama yamo humo,
mia mbili na kumi na manne, kila moja kalipa jina:
Jicho la Kanga, Mlango wa Mudhairib,
Bujumbura Usiku, Shemeji Kanuna.

Nikalilaza sanduku juu ya mkeka, nikashika bisibisi.
Nilitarajia vumbi la jangwa.
Nikakuta uzi.
Uzi mweupe, wa kahawia, wa zafarani,
vinyweleo vya miaka kumi na minne
vimejifuma vyenyewe juu ya feni
mpaka vikawa blanketi.
"Kazi yetu hiyo," akasema Mama kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyeonyeshwa deni alilolisahau.

Brashi ya rangi. Pumzi zangu. Pamba na spiriti.
Chini ya feni marhamu ya zamani imekauka,
inabanduka kama ukoko wa wali.
Mpya nilinunua kwa Shaji, fundi wa simu nyuma ya soko,
bomba dogo, riali moja na baisa mia mbili.
Nikatia tone kama punje ya mchele.
Mama akaja juu: "Hiyo tu?
Mgonjwa wa homa hii unampaka hiyo?"
Nikamwambia ikizidi nayo inageuka blanketi.
Akanitazama kama ninavyomtazama mimi
anaponiambia chumvi haipimwi, inajuliwa.

Halafu mguu mmoja wa feni ukakatika mkononi mwangu.
Plastiki, imepikwa mpaka imekuwa biskuti.
Sikusema kitu.
Mama akafungua bati lake la vifungo,
akatoa skrubu ya cherehani iliyokufa kabla sijazaliwa,
nati yake, na kiduara cha ngozi
alichokikata kwenye makubadhi ya Baba.
Ikakaa kama iliyozaliwa pale.

Washa.
Sabini na moja. Sitini.
Hamsini na tatu, ikatulia hapo.
"Na nje?"
"Arubaini na saba."
"Basi nayo imekuwa mkaazi wa Ibra."

Sindano ikarudi kwenye ua la tisa,
ikakosea kwa unywele mmoja.
Mteja haoni. Mama anaona.
Kofia ile haikuuzwa.

Kofia yetu hutobolewa vitobo
ili kichwa kipumue,
na kila kitobo huzungushiwa uzi kisizibe.
Mama akakikata kile kipande kilichokosewa,
akakibandika mbele ya matundu ya sanduku:
kinanasa vinyweleo, kinapitisha upepo.
Kila Alhamisi ninakibandua, ninakikung'uta dirishani.
Nikisahau, huniita kutoka chumba cha pili,
polepole, kana kwamba kuna mtu amelala:
"Umeivua kofia yake?"